Balozi wako nani?

Usiku wa Jumapili, tarehe 25 Oktoba 2015, nilikuwa nje ya darasa la shule moja ya msingi katika jimbo la Ubungo, mimi na vijana kama thelathini ambao wengi wao tulijuana kwa sura tu. Mlangoni zilikuwa zimebandikwa fomu za matokeo, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Taa ya kibarazani haikuwaka, basi kila mtu akatoa simu, huyu anamulika, yule anapiga picha. Muuza mitumba mmoja akawa anatusomea kwa sauti, kidole juu ya karatasi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye ya rais watu walinong'ona. Kwenye ya mbunge walipiga mayowe. Alipofika kwenye ya diwani hakuna aliyekuwa anamsikiliza, watu walishaanza kutawanyika kwenda kuangalia kituo cha pili mambo yakoje.

Ile ya diwani ndiyo niliyoipiga picha. Simu yenyewe ilishapasuka kioo zamani, lakini picha bado ninayo.

Wananchi wa Tanzania hatumpigii kura meya. Tunampigia diwani, na madiwani, pamoja na wabunge wa eneo na wale wa viti maalumu, ndio wanaoingia ukumbini kumchagua meya. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini CCM, chama kilichoshika nchi tangu kizaliwe 1977, na kabla yake TANU, kilinyang'anywa umeya wa Dar es Salaam, Arusha, Mbeya na Iringa baada ya uchaguzi ule, mwelekeze kwenye ile karatasi ambayo hakuna aliyeisikiliza. Huko juu, kwenye urais, Magufuli wa CCM alishinda kwa asilimia 58 na ushee, Lowassa wa upinzani akapata karibu 40. Mijini, huku chini, kata kwa kata, hesabu ilikuwa nyingine. Dar es Salaam ilikuwa na majimbo kumi. UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, walichukua sita: Kawe, Ubungo, Kibamba, Kinondoni, Ukonga na Temeke. CCM wakabaki na Ilala, Segerea, Mbagala na Kigamboni.

Maelezo niliyoyasikia sana wakati ule, redioni na vijiweni, ni kwamba watu wa mjini wameelimika na wa vijijini hawajaamka. Sijawahi kuyapenda maelezo hayo. Nawajua watu wa kijijini, na nawajua wa mjini, na nakuhakikishia kwamba ujinga umegawanywa sawasawa. Ninachokiamini nilikipata kwa mjomba wangu.

Mjomba alikuwa balozi. Kwa wasioijua Tanzania: chini kabisa ya muundo wa CCM kuna shina, na kila shina lina balozi wake, ambaye watu bado wanamwita balozi wa nyumba kumi ingawa nyumba zenyewe siku hizi zinaweza kuwa ishirini. Mjomba alikuwa na shina lake huko Kilolo, mkoani Iringa. Nyumba zake alizijua zote, nani kaoa, nani kagombana na nani, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Ugomvi wa mke na mume ulifika kwake kabla ya kufika kwa mchungaji. Vocha za mbolea zilipokuja, jina lako lazima liwe kwenye orodha, na orodha inapangwa na watu unaokutana nao kisimani. Hakuna aliyekuambia usipokipigia kura chama hupati vocha. Hakukuwa na haja ya kuambiwa. Balozi, mwenyekiti wa kijiji, mjumbe wa kamati ya shule, wote ni chama, wote ni jirani zako, na mmoja wao ni shemeji yako.

Nisieleweke vibaya. Mjomba hakuwa tapeli wala kibaraka. Shule ya kata ilipojengwa alibeba mawe kichwani kama wengine, na akikuambia "chama kimetuletea shule" anasema kitu alichokibeba mwenyewe kikamwachia maumivu ya shingo. Kwake kile chama kilikuwa ndiyo kijiji chenyewe kikiwa kimevaa sare ya kijani.

Mwaka 2013 alikuja Dar kutibiwa macho. Nilimpokea Ubungo, kwenye stendi ile ya zamani, nikampeleka kwangu Mabibo, chumba kimoja na sebule katika nyumba ya wapangaji sita. Jioni ya kwanza, tumeshakula, ananyoosha miguu, akaniuliza: "Mjomba, balozi wako hapa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa pale miaka minne.

Akadhani namtania. Nilipomwambia kweli simjui, alinyamaza kidogo, kisha akauliza tena kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa: "Sasa ukipata shida unamwendea nani?" Nikamwambia namwendea mtu wa M-Pesa nitoe hela, nimalize shida. Hakucheka.

Basi nadhani jibu la swali la meya lilikuwa pale mezani, na mimi sikuliona. Mjini chama hakina cha kukupa wala cha kukunyima. Mbolea hunywi. Maji unanunua kwa ndoo kwa jirani mwenye kisima. Mtoto akikosa nafasi kwenye shule ya serikali kuna ya kulipia kichochoroni. Mpangaji anahama kila mwaka mwenye nyumba anapopandisha kodi na kudai ya miezi sita kwa mkupuo, na kila akihama anaacha nyuma balozi mmoja asiyemjua na kwenda kwa mwingine asiyemjua. Mara moja moja atahitaji barua ya utambulisho, ya kufungulia akaunti benki au ya kumwekea ndugu dhamana. Ataifuata serikali ya mtaa, atatoa kitu kidogo, muhuri utagongwa, na hapo watakuwa wameagana mpaka mwaka mwingine. Ule uzi unaomfunga mtu wa Kilolo na chama, huku umekatika, na hakuna mpinzani aliyeukata. Umekatwa na kodi ya nyumba.

Halafu kuna uso wa serikali. Kijijini serikali ina uso wa mjomba. Mjini ina uso wa mgambo.

Macho ya mjomba yalipopata nafuu hakurudi Kilolo mara moja. Alitakiwa kuhudhuria kliniki, na mtu aliyezoea kulima hawezi kukaa sebuleni anatazama televisheni. Akaanza kupanga nyanya na vitunguu kwenye gunia, kando ya barabara moja ambayo siitaji, ndani ya halmashauri ambayo pia siitaji. Alinunua mizani ya kutundika, ile yenye ndoano na uso kama saa. Mizani ile aliipenda. Alikuwa anaifuta kila jioni kwa kitambaa na kuifunga kwenye kanga ya marehemu shangazi. Wauza nyanya wenzake walikuwa wanapima kwa mafungu, yeye anapima kwa kilo, na alikuwa anasema fungu ni wizi.

Siku moja asubuhi, mwaka 2014, lori likasimama. Wakashuka mgambo, watu saba au nane, wenye marungu. Vijana wote wakakimbia, kila mmoja na gunia lake mgongoni, mazoezi yao ya kila siku. Mjomba hakukimbia. Alisimama, akavua kofia, akaanza kujitambulisha: jina lake, kijiji chake, kwamba yeye ni balozi wa shina. Alikuwa na kadi ya chama mfukoni na akaitoa. Wale vijana wa mgambo hawakumpiga, hilo niseme. Walimpita tu kama unavyopita nguzo ya umeme, wakamwaga nyanya, wakabeba vitunguu, wakachukua mizani, wakaondoka. Stakabadhi hakupewa. Kesho yake tulikwenda kuulizia, tukazungushwa kutoka dirisha hili hadi lile, na saa nane tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa piga hesabu ya watu wanaoishi hivyo. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu milioni nne na laki tatu na zaidi, karibu mtu mmoja katika kila kumi nchini. Sehemu kubwa yao wanakula kwa kuuza kitu kando ya barabara, kwa kuendesha bodaboda, kwa kupiga debe, kwa kubeba zege, yaani kwa kazi ambazo serikali inazijua kwa njia moja tu, ya kuja kuzizuia. Chama kinapanda jukwaani kusema kimeleta amani na umoja, nao wanakubali kabisa kuna amani, ila mizani imekwenda.

Kuna sababu nyingine mbili nisizotaka kuziruka, ingawa hazinisisimui sana. Ya kwanza ni kwamba mwaka ule wapinzani waliacha kugawana kura. CHADEMA, CUF, NCCR na NLD waliachiana kata na majimbo, si kila mahali, lakini Dar kwa kiasi cha kutosha. Ya pili ni mawakala. Kulinda kura unahitaji mtu wako kwenye kila chumba cha kupigia kura, kuanzia asubuhi mpaka fomu inabandikwa mlangoni, na mtu huyo anahitaji nauli, chai, na moyo wa kukataa bahasha. Kijiji kilicho kilomita themanini kutoka barabara ya lami, chama kisicho na gari hakina wakala. Mabibo wakala anatembea kwa miguu kutoka kwao, na nje wamesimama vijana thelathini wenye simu za kamera. Kuna watu wanaodhani tofauti yote ya mjini na kijijini ni hiyo. Mimi nadhani ni sehemu.

Lakini kupata madiwani wengi ni jambo moja na kupata meya ni jambo jingine. Arusha walishalijua hilo mapema. Desemba 2010 meya wa CCM alitangazwa pale katika uchaguzi ambao CHADEMA waliukataa. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba katibu wa CCM wa mkoa, mbunge wa viti maalumu kupitia Tanga, alipiga kura Arusha. Yaani ugomvi ulikuwa juu ya kura ya mtu mmoja. Tarehe 5 Januari 2011 watu waliandamana, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Baada ya uchaguzi wa 2015 Tanga nayo ilikuwa na kisa chake: CUF wakisema wao ndio wenye madiwani wengi, meya akatangazwa wa CCM.

Dar kikao cha kumchagua meya wa jiji kiliahirishwa, kikaitishwa, kikaahirishwa tena. Mara kuna zuio la mahakama, mara zuio hilo lina utata. Upinzani ulikuwa unalalamika kwamba kuna wabunge wa viti maalumu wanaochomekwa kwenye orodha ya wapiga kura. Kikao cha Februari 2016 kiliishia kwa vurugu, na wabunge kadhaa wa upinzani wakapandishwa kizimbani Kisutu. Tarehe 22 Machi ndipo kura zilipopigwa pale Karimjee: Isaya Mwita wa CHADEMA, diwani wa Vijibweni, 84, mgombea wa CCM, 67. Manispaa za Kinondoni na Ilala zilikuwa tayari zimeshapata mameya wao wa upinzani.

Karimjee ni ukumbi wenye historia yake. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mwaka 1960, alikuwa Sheikh Amri Abedi, mshairi, yule ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Huwa najiuliza angetunga beti gani juu ya kikao kilichoahirishwa mara zote zile.

Msomaji wa CHADEMA asifurahi haraka, kwa sababu kuna Mwanza. Mwaka 2010 Mwanza ilikuwa ngome: Nyamagana ilimwangusha waziri wa mambo ya ndani, Ilemela ikaenda upinzani, na meya akawa wa CHADEMA. Miaka miwili haikuisha vizuri. Madiwani wakagombana wao kwa wao, wengine wakafukuzwa chamani, na mwaka 2012 meya akang'olewa kwa kura ya kutokuwa na imani. Aliyemrithi alikuwa wa CCM, Stanslaus Mabula. Mwaka 2015, wakati Dar inakwenda upinzani, Mwanza ikarudi CCM, na Mabula huyo huyo akawa mbunge wa Nyamagana. Mtu wa mjini hana chama. Ana hasira, na hasira haina kadi. Aliyekaa kwenye kiti siku hiyo ndiye anayeipata.

CCM wenyewe waliuelewa ugonjwa vizuri kuliko wachambuzi. Magufuli alianza kwa mgambo: mwisho wa 2016 aliagiza machinga wasibughudhiwe, na Desemba 2018 akaleta vitambulisho vya shilingi 20,000, ukiwa nacho huguswi. Najua watu waliokivaa shingoni mpaka kanisani. Kama kungekuwa na uchaguzi huru wa madiwani wiki ile, nadhani CCM wangerudisha kata nyingi kwa kitambulisho tu, bila kitu kingine.

Lakini hawakuishia kwenye kitambulisho, na hapa ndipo hadithi ya mameya inapoharibika. Meya wa Tanzania tangu mwanzo ana joho na mkufu kuliko ana madaraka. Mwenye kalamu ya hundi ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, na ada ya mabango ikafuata. Mwaka huo huo Kinondoni ikagawanywa, Ubungo ikawa manispaa yake. Meya wake wa upinzani, Boniface Jacob, akabaki na Ubungo, Kinondoni mpya ikapata meya wa CCM. Kisha likaja neno ambalo kila Mtanzania analijua: kuunga mkono juhudi. Diwani wa upinzani anaamka asubuhi, anaita waandishi, anasema anajiuzulu ili kuunga mkono juhudi za Rais. Kati ya wale wabunge sita wa Dar, watatu waliunga mkono juhudi: wa Kinondoni, wa Ukonga na wa Temeke, wote wakarudi kwenye viti vile vile kwa tiketi ya CCM. Kwenye uchaguzi mdogo wa Kinondoni, Februari 2018, wapinzani waliandamana wakidai barua za mawakala wao. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amekaa ndani ya daladala, akipita zake, akauawa kwa risasi. Mawakala, narudia. Ile karatasi ya mlangoni.

Januari 2020 ikatangazwa kwamba Mwita kaondolewa umeya, katika kikao ambacho mpaka leo watu wanabishania akidi yake. Oktoba mwaka huo CCM wakatangazwa washindi wa majimbo yote ya Dar es Salaam. Na Februari 2021 Rais akaivunja Halmashauri ya Jiji yenyewe, akaipandisha Manispaa ya Ilala kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam.

Halikuwa jambo geni. Serikali za mijini zilifutwa miaka ya 1970 kwa jina la madaraka mikoani, zikarudi 1978. Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena 1996, tukapewa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja hadi 2000, na mwaka huo huo wa 1996 ndio watu wa Temeke walimchagua Mrema wa NCCR katika uchaguzi mdogo. Sisemi moja lilileta jingine. Na Keenja, kwa haki yake, aliusafisha mji. Kampala wana yao: chama cha Museveni kilikuwa kinashindwa kupata meya, kwa Sebaggala mwaka 2006, kisha kwa Lukwago 2011, na kufikia huyo wa pili sheria ilishabadilishwa, mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais ndiye mwenye jiji. Lukwago akabaki na joho.

Mjomba alirudi Kilolo mwaka 2017. Kabla ya hapo tulipiga kura pamoja ile Jumapili ya 2015. Tulipanga foleni saa kumi na moja alfajiri, yeye mbele, mimi nyuma, amevaa koti lake la sherehe. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, kidole kina wino, nikamuuliza kama alivyokuwa ananiuliza mimi mambo, kwa mzaha: chama kimesalimika? Akaniangalia.

"Kura ni siri, mjomba."

Na usiku, nilipomrudishia habari ya zile fomu mlangoni, alitaka kujua ya diwani tu. Nikamsomea kutoka kwenye simu. Akaitikia kwa kichwa, akajifunika shuka.

Februari 2021 alinipigia. Alikuwa amesikia kwenye taarifa ya habari. "Hilo jiji lenu limevunjwa?"

"Limevunjwa, mjomba. Limehamia Ilala."

"Na vitu vyake? Magari, viti, vyote?"

Nikamwambia nadhani vinagawiwa kwa manispaa.

Akakaa kimya, nikasikia kuku nyuma yake. "Basi," akasema, "siku ya kugawana nenda ukawaangalizie mizani."